Mtoto wa Boriti Anapogonga Milango

Mtaa mzima ulimwita Mama Tepu, na hakuna aliyekumbuka lini alimwona mara ya mwisho bila ule utepe wa kupimia shingoni. Alikwenda nao sokoni, alikwenda nao kliniki, alikwenda nao hadi kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Watu walidhani ni mazoea ya fundi cherehani. Hayakuwa mazoea. Aliuvaa kwa sababu hakumwamini mtu. Muuza vitambaa akimkatia mita tatu, yeye anazipima upya palepale kaunta, wateja wanaangalia, na kama zimepungua vidole viwili duka zima litajua. Kuna siku muuza zipu alimwapia kwamba zipu zake ni nzima. Mama Tepu akachukua moja, akaifungua na kuifunga mara thelathini, mtu wa watu kasimama mbele yake anaona aibu. Ya thelathini na moja ikakwama.

"Nilijua," akasema.

Hilo ndilo neno alilolipenda kuliko yote, na tusimwonee, mara nyingi alikuwa anajua kweli.

Alishonea chumba cha mbele, chenye dirisha moja la kuangalia barabara. Cherehani ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha, meza ya kukatia ilikula nusu ya chumba, na sare za shule zilining'inia misumarini zikisubiri vifungo. Pembeni ya meza iliegemea rula ya mti, ndefu mita nzima, nzito kama mwiko wa kupikia watu mia. Chumba cha nyuma ndicho walicholala yeye na binti yake wa pekee. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori, mtu wa kurudi mara mbili kwa mwezi, akafua, akalala, akaondoka.

Binti alikuwa na miaka kumi na miwili na wenzake walimwita Springi. Kwa miaka minne alikuwa akifanya jimnastiki katika klabu iliyokodi ghala la zamani la saruji nyuma ya kituo cha mabasi. Mwaka uliopita klabu ilifanya maonyesho, na Mama Tepu akaenda, akakaa mstari wa mbele. Alimwona mwanawe akipanda kwenye boriti, ubao ulioinuliwa usawa wa kifua cha mtu, upana wake kiganja. Mtoto akatembea juu yake kama anakwenda dukani. Akageuka kwa mguu mmoja. Akajibinua kinyumenyume, miguu ikapita juu ya kichwa, ikarudi palepale kwenye ubao, haikutikisika. Mama Tepu alijikuta ameuma utepe wake kwa meno.

Sasa mwelewe basi mshangao wake, pale mtoto yuleyule alipoanza kubomoa nyumba.

Ilianza na kikombe. Kisha kikombe kingine. Kisha Springi akapita karibu na meza ya kukatia, ambayo imekaa palepale tangu hajazaliwa, akajigonga nyonga kwenye pembe mpaka macho yakamtoka machozi. Akainuka kutoka kitandani, kichwa kikakutana na dirisha lililo wazi. Akajikwaa kwenye kizingiti alichokuwa akikivuka tangu anatambaa. Na mengine mama hakuyaona yakitokea, aliona alama tu: begani, kwenye kiwiko, juu ya goti, mahali damu imevilia. Kila akiuliza, jibu lilikuwa moja.

"Nimejigonga, mama."

"Umejigonga wapi?"

"Mlangoni."

Mama Tepu alisimama akautazama ule mlango. Mlango ambao wameupitishia kabati. Mtoto anayecheza juu ya kiganja cha ubao, hewani, anashindwa kupita mlango unaopitisha kabati? Hapana. Hapo kuna jambo.

Na alikuwa na sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Kazi ya cherehani alifundishwa na shangazi yake, aliyemchukua akiwa na miaka tisa. Shangazi alikuwa fundi hasa, mkono wake haukukosea mshono. Haukukosea na mengine. Majirani wakiona jicho limevimba wanauliza, na yule mtoto wa miaka tisa, na kumi, na kumi na tatu, anajibu, "Nimejigonga mlangoni." Miaka sita alisema hivyo, na miaka sita watu walitikisa kichwa wakaendelea na shughuli zao. Kwa hiyo Springi aliposema neno lilelile, kwa sauti ileile ya kutaka mazungumzo yaishe, Mama Tepu aliitambua papo hapo. Kuna mtu anampiga mwanangu, akajisemea. Mlango haupigi mtu bila mkono.

Akaanza kuhoji. Alihoji wakati wa kula, alihoji wakati wa kumsuka nywele, ambapo mtoto hana pa kukimbilia. Nani yuko nyuma yako kwenye foleni? Ulipoanguka nani alikuwa karibu? Mbona jana ulisema meza na leo unasema kitanda? Springi alijibu wiki ya kwanza, wiki ya pili akajibu kwa mkato, wiki ya tatu akaanza kuvaa sweta la mikono mirefu.

"Sweta la nini na jua lote hili?"

"Nasikia baridi."

Machale yakamcheza Mama Tepu. Hata yeye alikuwa na sweta la namna hiyo zamani.

Mume alipopiga simu kutoka safarini akaelezwa yote, akacheka. "Mwache mtoto, anakua. Hata mimi nilikuwa hivyo."

"Wewe ulikuwa unapinduka juu ya boriti?"

Mume akasema mtandao unakatika.

Wa kumshuku alikuwa mmoja tu. Kocha alikuwa mwanamke mrefu, aliyecheza jimnastiki zamani mpaka goti likamwasi, mwenye sauti ya kuamsha jengo na fimbo nyembamba asiyoiacha mkononi. Na klabu yake ilikuwa na sheria: mazoezi yakianza, mlango wa ghala unafungwa na wazazi wanabaki nje. Mama Tepu aliwahi kuuliza kwa nini. "Mtoto akimwona mama yake anamwangalia mama yake," Kocha alimjibu. "Akimwangalia mama yake anaanguka." Jibu zuri. Zuri mno, kwa maoni ya Mama Tepu. Alisimama nje siku ile, sikio kwenye bati, akasikia fimbo inagonga, ta, ta, ta, akasikia Kocha anafoka, "Tena! Tena, na usinidanganye!" Kisha kishindo cha kitu kizito. Kisha kimya.

"Nilijua," akanong'ona, ingawa alichokijua hata yeye asingeweza kukueleza.

Mtu mwingine angepiga hodi akauliza. Mama Tepu hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alisikia kwamba mashindano yako wiki sita mbele na klabu inatafuta fundi wa kushona mavazi mapya ya wasichana kumi na wawili, akajitokeza. Kocha akamwambia atamletea vipimo kwenye karatasi.

"Nguo ya kubana haishonwi kwa karatasi," Mama Tepu akasema. "Lazima nimpime kila mmoja mwilini, kwa mkono wangu."

Kocha alimtazama muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. "Kila mmoja?"

"Kila mmoja."

Wakakubaliana, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Wakatundika pazia kwenye kona ya ghala, na Mama Tepu akaingia na utepe, kalamu na daftari lake. Daftari hilo alilichora mwenyewe safu mbili. Kushoto aliandika vipimo: bega, kifua, kiuno, mkono, mguu. Kulia aliandika alama. Alifanya kazi polepole kwa makusudi, akiinua kiwiko cha huyu, akigeuza goti la yule, anazungumza kwa upole ambao binti yake angeushangaa.

"Hii alama hapa, mwanangu, umefanya nini?" alimuuliza msichana mwembamba aliyeitwa Njiti.

"Meza, shangazi."

"Meza ya wapi?"

"Ya nyumbani."

Aliyefuata akasema ngazi ya basi. Aliyefuata akasema kitanda cha mdogo wake. Mwingine ndoo. Mwingine mlango, na Mama Tepu kalamu ikamponyoka. Hadi anamaliza, wasichana tisa kati ya kumi na wawili walikuwa na alama, na wote tisa waliumizwa na vitu vya kila siku. Hakuna hata mmoja aliyesema ameumia mazoezini. Mama Tepu akakaa juu ya godoro akapiga hesabu ya akili. Watoto wanaorushwa hewani siku sita za wiki, hawaumii kwenye kurushwa, wanaumizwa na ndoo? Wote? Mtu mmoja akisema uongo atatunga wake. Tisa wakisema uongo unaofanana, hapo kuna mwalimu. Na wale watatu wasio na alama, wadogo kuliko wote, mmoja wao kale kadogo kabisa wanakokaita Kifungo? Hao bila shaka ndio vipenzi vya Kocha. Aliandika hivyo pembeni, akapiga mstari chini yake: *vipenzi*.

Alipoinua macho, Kocha alikuwa amesimama penye upenyo wa pazia, fimbo inagonga kiatu chake taratibu.

"Unaandika mengi," Kocha akasema.

"Kazi yangu ina mambo mengi."

"Springi analala chumba kimoja na nani?"

Swali hilo lilimjia Mama Tepu bila kutarajia. "Na mimi. Kwani?"

"Nauliza tu. Na jioni anakuwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe tu," Kocha akasema, akaondoka.

Ona anavyopotosha, Mama Tepu akawaza njiani akirudi. Mwizi anaanza kuuliza wewe ulikuwa wapi. Akaamua. Siku ya Ijumaa atalipeleka daftari ofisi ya ustawi wa jamii, ghala lile lifungwe, na Kocha ajibu mbele ya watu. Jumatano, shule zikiwa zimefungwa na Springi yuko nyumbani anang'oa nyuzi kwenye sare, akamwambia.

"Kesho kutwa ndiyo mwisho wako wa kwenda kule."

Springi aliacha mkasi. "Mashindano je?"

"Hakuna mashindano. Hakuna boriti. Hakuna Kocha."

"Mama, Kocha hajanigusa. Hajamgusa mtu yeyote. Fimbo ni ya kuhesabia."

"Waliokufundisha kusema hivyo wamekufundisha vizuri."

Mtoto alilia mpaka kwikwi zikamkaba, na mama alikaa pale mguu juu ya kikanyagio cha cherehani, hakanyagi. Ilimuuma. Lakini aliona ni maumivu ya kutoa mwiba. Kisha Springi akafuta uso kwa mkono wa sweta na kusema kwa utulivu uliomtisha mama yake kuliko kilio, "Basi niambie unataka niseme nini. Nitasema."

Hapo angepaswa kushtuka, na kidogo alishtuka. Lakini alishatangulia mbali mno. Alihesabu kwamba mtoto anakaribia kukiri.

Alhamisi asubuhi mlango uligongwa kabla Ijumaa haijapata nafasi. Nje alisimama mwanaume mfupi mwenye faili kwapani, akajitambulisha kuwa ni afisa wa ustawi wa jamii. Walikuwa wamepata taarifa, akasema, kuhusu mtoto anayeumizwa.

"Afadhali mmekuja wenyewe!" Mama Tepu akamvuta ndani karibu kwa shati. "Karibu, kaa hapa, sogeza hizo sare. Nilikuwa nije kesho. Kila kitu nimeandika." Akamfungulia daftari, akamwonyesha safu ya kulia, akaanza: bega, nyonga, kiwiko, wasichana tisa, mlango uliofungwa, fimbo, kishindo, kimya. Alisema kwa dakika kumi bila kituo. Afisa alisikiliza, akaangalia daftari, akaangalia faili lake, akaonekana kama mtu aliyeingia arusi isiyo yake.

"Mama," akasema alipopata upenyo, "taarifa hii imeletwa na Kocha. Inakuhusu wewe."

Mama Tepu akalifunga daftari taratibu.

Kocha mwenyewe alikuwa nje. Afisa hakuijua nyumba, ndipo akaongozwa naye. Akaitwa ndani, akasimama upande wa pili wa meza ya kukatia, na Afisa akasoma kutoka kwenye faili. Kumbe kila siku, kabla ya mazoezi, Kocha huwakagua wasichana na kuandika alama walizokuja nazo, na tarehe, na maneno yao. Tarehe sita, Springi amekuja na alama nyongani, anasema meza. Tarehe tisa, begani, anasema mlango. Tarehe kumi na tatu, amevaa sweta, hataki kulivua. Afisa aliposoma "mlango" mara ya tatu, macho yake yalitoka kwenye karatasi, yakaenda taratibu mpaka kwenye ile rula ya mti, yakatua hapo.

"Hiyo ni ya kupimia vitambaa," Mama Tepu akasema. Akasikia sauti yake inavyosikika.

"Naam," Afisa akajibu, akaandika.

"Unamwandika nani? Muulize huyu na fimbo yake!"

"Na wewe uliyekuja kunipekulia watoto nyuma ya pazia?" Kocha akapandisha. "Nilidhani umekuja kuhakikisha mwanao hajamwambia mtu. Unafikiri sikukuona unavyowahoji?"

"Mimi nimpige mwanangu? Mimi?"

"Mtoto anaficha! Wenzake wanagonga meza kila siku, wananionyesha wakicheka. Huyu alianza kuficha. Mtoto aliyejigonga anaficha nini?"

Mama Tepu akaishika ncha ya utepe wake. Swali hilo alikuwa na jibu lake la miaka mingi, ila jibu lenyewe halikumhusu Kocha wala Springi.

Afisa, mtu wa busara za ofisini, akaomba maji ya kunywa ili watu wapoe. Mama Tepu akaita kuelekea chumba cha nyuma, "Springi! Leta maji, glasi tatu." Wakamsikia anamimina. Kisha mtoto akatokea na trei mikononi, macho kwa wageni, hofu imejaa usoni. Akafika mlangoni. Kiwiko cha kulia kikagonga fremu, pwa! Trei ikainama, glasi zikaondoka moja baada ya nyingine zikavunjika sakafuni. Akashtuka, akayumba pembeni, nyonga ikaipata pembe ya meza, palepale pa siku zote. Na hapo, akiona vioo vimetapakaa chini na yeye yuko pekupeku, akaruka. Alipaa juu bila kukimbilia, akajigeuza hewani, akashuka kwa ncha za vidole mahali pekee palipokuwa patupu, padogo kama sahani. Hakutikisika.

"Kidevu juu," Kocha akasema kwa mazoea, kisha akaziba mdomo.

Hakuna aliyecheka. Mama Tepu alikuwa anautazama ule mkono uliogonga fremu. Mkono wa sweta, ambao yeye mwenyewe aliukata kumtosha mwanzoni mwa mwaka, ulikuwa umeishia juu ya kifundo cha mkono. Akavua utepe shingoni, akavuka vioo, akampima mwanawe kutoka begani hadi kifundoni. Hamsini na tatu. Akalivuta daftari, akapekua nyuma hadi kwenye sare za Januari. Arobaini na tisa. Mguu: ulikuwa sabini na nane, sasa themanini na tatu.

"Vipimo vya mashindano yaliyopita unavyo?" akamuuliza Kocha, na sauti yake haikuwa tena na ugomvi.

Kocha alikuwa navyo kwenye simu. Wakaweka simu na daftari mezani, vichwa viwili vikainama. Njiti, aliyekuwa na alama saba, ndiye aliyerefuka kuliko wote baada ya Springi. Aliyegonga ndoo alikuwa ameongezeka vidole vitatu mguuni. Kifungo na wale wadogo wawili hawakuongezeka chochote, na hawakuwa na alama hata moja. Yote yalikuwa mle daftarini, kwa mwandiko wake mwenyewe, safu ya kushoto. Fundi wa miaka ishirini, anayepima upya hata mita za muuza vitambaa, alikuwa ameandika vipimo vya watoto kumi na wawili na hakuvisoma. Alisoma alama tu.

"Huwa inawapata wakianza kurefuka," Kocha akasema, anakaa juu ya kigoda kwa kulipumzisha goti. "Juu ya boriti hawakosei, maana kule hawatembei hivihivi. Kila hatua anaituma. Anahesabu, anaangalia, anajua kidole kiko wapi. Akishuka anaacha kutuma. Mguu unakwenda wenyewe, na unakwenda kwa urefu wa mwaka jana." Akamwangalia Springi. "Na viungo vyao nimevilegeza mimi kwa miaka. Mkono unaopinda kila upande haukwambii vizuri umeishia wapi. Sakafu yetu inanesa, hii ya saruji hainesi. Halafu wamechoka. Nami nilijua yote haya, Mama Tepu, ninayaona kila mwaka. Kwa mwanao tu ndiyo nikayaacha nikakushuku wewe, kwa sababu ya lile sweta."

"Sweta nilimvalisha mimi," Mama Tepu akasema. "Kwa maswali."

Afisa aliomba kuzungumza na mtoto peke yake chumba cha nyuma. Walikaa huko nusu saa, na nusu saa hiyo wanawake wawili walikaa mbele, mmoja anashona kifungo ambacho hakikuhitaji kushonwa. Afisa alitoka akasema kwa leo hana la kumchukulia mtu hatua. "Lakini faili silifungi," akaongeza. "Kazi yangu haiamini glasi tatu. Nitarudi mwezi ujao, na ghalani pia nitafika." Mama Tepu akajikuta anamheshimu. Kocha akaaga, akasimama mlangoni, akasema Springi akitaka kuja kesho mlango uko wazi, na mama yake akitaka kukaa ndani na kutazama, basi akae, watoto watamzoea.

Wakabaki wawili. Springi alileta ufagio, akaanza kusukuma vioo kwenda kona moja, sweta bado mwilini. Mama Tepu alichutama kumshikia kizoleo. Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Muuza zipu hajawahi kumwomba, muuza vitambaa hajawahi, wala shangazi, na yeye hakujifunza popote.

"Kesho utakwenda mazoezini," akasema kwanza.

"Ndiyo, mama."

"Na nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unaniambia ukweli tangu siku ya kwanza. Nilipaswa kukuamini."

Ufagio ukasimama. Springi hakutabasamu, wala hakulia, wala hakumkumbatia kama mama alivyokuwa amejiandalia moyoni. Alimtazama. Alifinya jicho moja kidogo, akampitia mama yake taratibu kuanzia juu hadi chini, anatafuta palipopungua.

"Afisa ndiye amekuambia useme hivyo?"

"Hapana. Hakuna aliyeniambia."

"Au Kocha?"

"Nimesema mwenyewe. Kutoka moyoni."

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu ni kweli," Mama Tepu akasema, na akasikia maneno yake mwenyewe yalivyo membamba. Alitaka kuongeza, kuapa, kumshika mkono. Kila alichofikiria kuongeza kilifanana zaidi na uongo.

"Sawa, mama," Springi akajibu, kwa sauti ya kutaka mazungumzo yaishe, akaendelea kufagia.